Sura ya 6: Swichi Inayouliza Unatoka Wapi

Swichi kubwa inayobeba mtandao wa chuo huiuliza kila pakiti swali moja tu: unakwenda wapi? Ikishapata jibu hutazama jedwali lake la njia, huchukua mstari unaolingana zaidi na anwani ya mwisho wa safari, na kuipeleka pakiti kwenye mlango uliotajwa hapo. Pakiti imetoka kwa nani, haiulizi. Imebeba alama za mtihani au video ya mpira, haiulizi. Karibu intaneti yote inakwenda kwa swali hilo moja, na kwa sababu swali ni moja, jibu huja haraka mno.

Sasa fika mji wa Maua wakati miraa inafungwa kwa majani ya mgomba na magari yanangoja kung'oa nanga. Miraa iliyochumwa leo, kesho kutwa haina mnunuzi. Ile ya Somalia lazima iwahi ndege Nairobi. Gunia la viazi la Kibirichia nalo linakwenda Nairobi, ila likichelewa siku nzima hakuna anayelala njaa. Mizigo yote miwili inakwenda mji mmoja, na bado hakuna mfanyabiashara wa Nyambene atakayeipangia safari kwa kutazama jina la mji peke yake. Atataka kujua ni mzigo gani, wa nani, na una haraka kiasi gani. Uelekezaji kwa sera ni kuifundisha swichi kuuliza maswali hayo ya ziada, kisha kuyafanyia kazi majibu yake.

Ukanda huu wa Mlima Kenya unaihitaji kazi hiyo kuliko watu wanavyodhani. Ukiondoka Embu, ukapita Chuka, ukavuka daraja la Nithi na kwenda hadi Nchiru, utakuwa umepita karibu na vyuo vikuu vinne: Chuo Kikuu cha Embu kilichopata hati mwaka 2016, Chuka mwaka 2013, Chuo cha Methodisti cha Kenya pale Kaaga mwaka 2006, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru mwaka 2013. Miaka 10 tu ilitosha kuwapa watoto wa wakulima wa kahawa, chai na miraa vyuo vikuu vinne kamili kandokando ya Mlima Kenya. Kila kimoja kina hosteli, maabara, maktaba, ofisi ya fedha na idara ya usajili, na vyote hivyo vinataka intaneti saa ileile ya asubuhi. Mtandao nitakaoueleza hapa si wa chuo chochote kati ya hivyo. Ni wa chuo cha mfano, nimekijenga kwenye karatasi, lakini mahitaji yake fundi yeyote wa ukanda huu atayatambua.

Chuo chetu kina njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni ya KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa mwaka 1999, ambao kupitia muungano wa UbuntuNet unakutana na mitandao ya vyuo vya Ulaya. Ya pili imenunuliwa kwa kampuni ya kawaida ya biashara, ili hosteli zisikae gizani faiba moja ikikatwa na tingatinga la wajenzi wa barabara. Kila njia ina ruta yake, na kila ruta ina anwani zake za hadhara. Kati ya ruta hizo na majengo ipo swichi ya tabaka la tatu, yaani swichi yenye uwezo wa kufanya kazi ya ruta. Ndani yake chuo kimegawanywa katika mitandao midogo, zile VLAN ambazo mafundi huzitaja kwa namba: wafanyakazi wako 10.20.10, wanafunzi 10.20.20, maktaba 10.20.30, seva 10.20.40.

Kwenye jedwali la kawaida mstari wa mwisho, ule wa njia ya jumla, husema: chochote nisichokijua, kipeleke kwa ruta ya KENET. Basi jioni hosteli zinapofungua video, njia ya KENET inajaa pomoni, na njia ya pili, iliyolipiwa mwezi mzima, inapitisha matone. Wengi hufikiri sera inatakiwa kwa sababu hiyo tu, kugawanya mzigo. Mimi naiona kuwa sababu ndogo kuliko zote. Mzigo unaweza kugawanywa kwa namna nyingine, na sera haiongezi hata biti moja kwenye faiba uliyolipia. Sababu zenye uzito ni mbili nyingine.

Ya kwanza inatoka maktaba. Majarida ya kitaaluma ambayo vyuo vya Kenya hulipia kwa pamoja humtambua msomaji kwa anwani ya hadhara ambayo chuo kilisajili kwa mchapishaji. Mwanafunzi akitokea kwenye anwani hiyo, ukurasa unafunguka. Akitokea kwenye anwani ya kampuni ya biashara, anaombwa dola. Siku fundi anapohamisha njia ya jumla ili kuipumzisha KENET, mkutubi ndiye wa kwanza kupiga simu: "Kijana wangu, hawa watoto wanaambiwa walipie makala tulizokwisha kuzilipia." Ungeweza kuandika njia maalumu kwa kila mchapishaji, lakini tovuti nyingi za wachapishaji siku hizi zimekaa nyuma ya kampuni za usambazaji zenye maelfu ya anwani zinazobadilika. Mwisho wa safari huwezi kuukamata. Mwanzo wake unaujua vizuri: yeyote aliye 10.20.30 ni wa maktaba, na wa maktaba atokee KENET.

Ya pili inatoka chumba cha seva. Seva ya usajili ina anwani ya hadhara iliyotolewa na KENET. Mzazi akiwa Runyenjes anafungua tovuti kwa simu, ombi lake linaingia kwa mlango wa KENET, seva inajibu. Jibu hilo likitoka kwa kufuata njia ya jumla, na njia ya jumla siku hiyo ni ya kampuni ya biashara, linafika kwa kampuni likiwa na anwani ya mtoaji ambayo si ya kampuni. Mtoa huduma makini huitupa pakiti ya namna hiyo, kwa kuwa tangu mwaka 2000 ushauri uliokubalika duniani ni kuzuia anwani za kughushi pale zinapoingilia. Mzazi anaona ukurasa unazunguka tu. Fundi akiitazama seva, iko hai. Akiitazama faiba, iko hai. Kosa liko kwenye swali: swichi imeuliza jibu linakwenda wapi, na ilipaswa kuuliza limetoka wapi.

Maswali haya yana umri mrefu kuliko vyuo vyetu. Katika miaka ya 1980 mtandao wa NSFNET, uliogharimiwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya utafiti na elimu, ulikuwa na masharti ya matumizi: trafiki ya biashara haikupaswa kupita humo. Lakini jedwali la njia linalojua mwisho wa safari tu lingetofautishaje pakiti ya mtafiti na ya mfanyabiashara, zote zikienda chuo kilekile? Mwaka 1989 David Clark na Hans-Werner Braun, kila mmoja kwa hati yake, waliandika kuhusu jambo hilo, na tangu hapo neno sera limekaa ndani ya fani ya uelekezaji. Waliotangulia kusumbuka nalo walikuwa watu wa mitandao ya vyuo, wenye mfuko wa umma mkononi na wajibu wa kueleza umetumikaje.

Kenya nayo imewahi kulipa gharama ya njia iliyopangwa vibaya na watu. Kabla ya kituo cha kubadilishana trafiki cha KIXP, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani, ikiwa kila ofisi ina mtoa huduma wake, ilipanda hadi ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Watoa huduma walifungua kituo hicho mwishoni mwa mwaka 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya ukiritimba imevunjwa, na mdhibiti akakifunga baada ya muda mfupi. Kilirudi kazini mapema mwaka 2002. Kwa zaidi ya mwaka mmoja pakiti za Nairobi ziliendelea kuvuka bahari ili kufika mtaa wa pili, wakati nyaya na mashine zilikuwa tayari. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa.

Turudi kwenye swichi yetu. Kazi yenyewe ina sehemu tatu, vyovyote vile chapa iwe. Kwanza unaandika orodha ya kutambua: pakiti zipi ninazungumzia. Pili unaandika tendo: zikitambuliwa, kituo kinachofuata ni ruta ipi. Tatu unaifunga sera hiyo kwenye mlango ambamo pakiti huingia. Cisco huziunganisha mbili za kwanza katika kile inachokiita ramani ya njia. Huawei hutenganisha kundi, tendo na sera. Kwenye MikroTik, kifaa kinachopendwa sana na watoa huduma wadogo wa mijini na vijijini, pakiti hupigwa alama kwanza kisha alama ndiyo huchagua jedwali. Na Linux imekuwa na majedwali mengi ya njia tangu toleo la 2.2 la mwaka 1999. Ukielewa moja, nyingine ni tofauti ya lahaja.

Neno la kushika ni huingia. Sera ya wanafunzi hufungwa kwenye mlango wa VLAN ya wanafunzi, kwa pakiti zinazoingia kwenye swichi kutoka hosteli. Haifungwi kwenye mlango wa kutokea, kwa kuwa pakiti ikishafika huko uamuzi umekwisha kutolewa.

Sasa mtego ambao huwanasa wengi. Fundi anaandika: kila kinachotoka 10.20.20 kiende kwa ruta ya kampuni ya biashara. Sentensi inasomeka vizuri, na mtandao wa hosteli unapata kasi mara moja. Baada ya dakika tano simu zinaanza: wanafunzi wanafungua Google, lakini hawawezi kufungua tovuti ya mtihani iliyoko jengo la jirani. Swichi imetii. Iliambiwa kila kinachotoka kwa wanafunzi, na pakiti ya kwenda seva ya mtihani pia imetoka kwa wanafunzi. Ikapelekwa nje kwa ruta ya biashara, isiyojua kabisa 10.20.40 iko wapi. Sera hutangulia jedwali. Jedwali lilijua kwamba seva iko ndani, lakini halikuulizwa.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya sera yoyote ya chuo iwe ya kuziachia safari za ndani: kinachotoka kwa wanafunzi kwenda 10.20 chochote, kiache kifuate jedwali. Baada ya hapo ndipo uandike kinachokwenda nje. Na hapa lipo jambo linalowachanganya hata wazoefu. Katika orodha ya ulinzi, mstari wa kukataa huua pakiti. Katika orodha ya sera, mstari wa kukataa una maana ya "huyu hahusiki na sera hii," na pakiti hurudi kwenye jedwali la kawaida ikiwa salama. Lakini angalia kifaa chako. Kwenye Catalyst 3560 na 3750 za Cisco, pakiti inayokutana na mstari wa kukataa ndani ya orodha ya sera hupelekwa kwa prosesa, na prosesa ya swichi haikuundwa kwa kazi hiyo. Hosteli nzima ikimwagwa humo, swichi inazimia. Kwenye vifaa hivyo ni salama zaidi kupanga mistari ya kuruhusu peke yake, na kuyagawa makundi kwa namna ambayo kukataa hakuhitajiki.

Swichi hizohizo zina sharti jingine. Kumbukumbu yake ya kasi, ile inayolinganisha pakiti na orodha kwa mpigo mmoja, ni ndogo, na imegawanywa kwa kiolezo. Kiolezo zinachotoka nacho kiwandani hakina nafasi ya sera. Lazima ubadilishe kiolezo na kuizima swichi iwake upya. Fanya hivyo wakati wa likizo au usiku wa Jumapili, ukiwa umemwarifu msajili kwa maandishi. Wakati wa wiki ya usajili usiiguse kabisa.

Tuseme sera imekaa. Wanafunzi wanatokea kwa biashara, maktaba na seva kwa KENET, wafanyakazi wanafuata jedwali. Fundi anaingia kwenye swichi yenyewe, anapima njia, na anaona pakiti bado zinapita KENET. Anahangaika usiku kucha. Hakuna kilichoharibika. Pakiti zinazozaliwa ndani ya swichi haziingii kwa mlango wowote, hivyo sera ya mlango haizigusi. Chukua kompyuta, nenda hosteli, chomeka au shika waifai ya wanafunzi, kisha upime kutoka hapo. Nenda maktaba ufanye vilevile, na ufungue jarida moja lililolipiwa. Ukitaka kuhakiki seva, tumia simu yenye bando lake, nje kabisa ya mtandao wa chuo, maana anayeijaribu kutoka ndani hataiona njia anayoipita mzazi.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ni kifo cha njia. Sera inasema kituo kinachofuata ni ruta ya biashara. Ruta hiyo ikizimwa umeme, au waya wake ukichomolewa, swichi nyingi hutambua kwamba jirani hayupo na kurudi kwenye jedwali. Lakini mara nyingi ruta huwa inawaka vizuri, taa zote za kijani, na dunia iliyo nyuma yake imezimika. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali isipopaswa karibu na Mombasa na kuikata kebo ya intaneti ya chini ya bahari ya TEAMS. Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika pamoja upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Katika siku kama hizo ruta iliyoko kwenye rafu yako Meru haina habari. Inajibu salamu za swichi, na swichi inaendelea kuipa pakiti za wanafunzi, ambazo haziendi popote. Jedwali lenye njia nyingine nzuri liko palepale, lakini sera imelipita.

Dawa yake ni kuiambia swichi isipime jirani, ipime mbali. Ipeleke salamu ndogo kila baada ya sekunde chache hadi anwani iliyo ng'ambo ya mtoa huduma, na sera itumike pale tu salamu inapojibiwa. Chagua anwani mbili au tatu, si moja, kwa kuwa seva moja ya mbali inaweza kufungwa kwa matengenezo na chuo kikahamishwa njia bila sababu. Weka pia subira: ikose majibu mara kadhaa mfululizo kabla ya kuhama, na ipate majibu kwa muda kabla ya kurudi. Bila subira hiyo mtandao utarukaruka kati ya njia mbili, na kila mruko humvunjia mwanafunzi mazungumzo ya video au fomu ya mkopo wa masomo wa HELB aliyokwisha kuijaza nusu, kwa sababu anwani yake ya hadhara imebadilika katikati ya kazi.

Kisha uamue, ukiwa na akili tulivu, nini kifanyike njia moja ikifa. Hosteli zihamie KENET na kuijaza, au zipunguziwe kasi ili seva ya usajili ipumue? Hili fundi asiliamue peke yake. Nimeona uamuzi wa namna hii ukikaa kichwani mwa mtu mmoja, na siku anapopata kazi Nairobi hakuna anayejua kwa nini ghorofa fulani ya utawala ina njia ya peke yake. Sera ni amri kuhusu watu. Inasema huyu apite hapa na yule apite pale, na ina uzito sawa na ratiba ya mabasi ya chuo au ratiba ya maji ya hosteli. Ijadiliwe na msajili, mkutubi, mhasibu na mwakilishi wa wanafunzi, wakae meza moja, kisha fundi aitafsiri katika lugha ya swichi.

Nasisitiza mwakilishi wa wanafunzi. Kishawishi cha kila taasisi ni kuwapa wakubwa njia bora na kuwaachia wanafunzi masalia, kwa hoja kwamba wao hutazama filamu. Wapo wanaotazama, ndiyo. Lakini ni wao pia wanaopakia kazi za darasa saa sita usiku, wanaotuma maombi ya mkopo siku ya mwisho, na ni karo yao inayolipa sehemu ya faiba hiyo. Ningependa kuona sera yenye msimu: wiki ya mitihani na wiki ya usajili, hosteli zipewe njia pana, na ofisi ya utawala isubiri zamu yake. Swichi nyingi huruhusu mstari wa sera kuwa na saa na tarehe za kuanza na kuisha. Kazi ni ndogo. Kinachotakiwa ni mtu mwenye cheo kutia sahihi.

Kila mstari wa sera uandikwe na maelezo yake: uliombwa na nani, kwa sababu gani, mwezi gani. Na pale swichi inapowezesha, kila mstari una kaunta inayohesabu pakiti zilizolingana nao. Muhula ukiisha, fundi azitoe kaunta hizo na kuzipeleka mezani. Mstari wa maktaba ukionyesha mamilioni ya pakiti, ubaki. Mstari uliowekwa kwa ajili ya mradi uliokwisha, kaunta yake ikiwa sifuri tangu Januari, ufutwe siku hiyohiyo, na kumbukumbu yake ya kasi ipewe kundi linalofuata.